Uzi Mmoja Wakimbia, Nyuzi Mbili Wakwama: Kutafuta Ugonjwa wa Piki Kwenye Gitaa la Umeme

Kijana mmoja wa Tudor, hapa Mombasa, alinijia jioni, gitaa mgongoni, akaketi barazani, akachomeka waya kwenye ampu yangu ndogo, na kahawa ikiwa bado yamiminwa akaanza kushtaki.

"Ami, mkono wangu wa kulia mzito. Miezi minane na metronomu, nimekwama pale pale 110."

"Piga uzi mmoja. Noti moja tu, haraka uwezavyo, usijali chochote."

Akapiga. Mlio ukatoka kama cherehani ya fundi aliyechelewesha nguo za Idi. Nikawasha metronomu ya simu, ile inayogonga midundo sawasawa, nikaisogeza mpaka ikalingana naye: midundo 170 kwa dakika, noti nne kwa kila mdundo.

"Huu ndio mkono mzito?"

"Huo ni uzi mmoja, ami. Nikianza kuvuka nyuzi ndipo unapokufa."

Hapo alikuwa ameshajipima mwenyewe bila kujua. Noti nne kwa mdundo kwenye 110 ni noti 7 na kitu kwa sekunde. Kwenye 170 ni zaidi ya 11. Mkono unaoweza 11 haukosi nguvu ya kupiga 7. Kuna kitu kinaupokonya kasi njiani, na kitu hicho hakitoki kwa kuongeza metronomu mbili mbili kila wiki. Huu ni ubishi wangu wa siku nyingi na wanaofundisha gitaa: mgonjwa anapewa dawa kabla hajaguswa. Kwa hiyo hapa nimepanga malalamiko ninayoyasikia zaidi, sababu zake, na namna ya kuihakikisha sababu kwanza.

Maneno mawili matatu tuelewane. Piki ni kile kipande kidogo cha plastiki cha kupigia nyuzi. Uzi wa kwanza ni ule mwembamba ulio karibu na sakafu, wa sita ni ule mnene. Pigo la kwenda chini nitaliita shuka, la kwenda juu nitaliita panda. Daraja ni pale nyuzi zinapofungwa, chini ya kiganja cha kulia. Kugonga ni kutoa noti kwa kushusha kidole cha kushoto kwenye uzi bila piki. Kuvuta ni kuitoa kwa kukinyofoa.

Vipimo kwanza

Kipimo cha kwanza umeshakiona: noti moja, uzi mmoja, sekunde tano, mbio zako zote. Ukifika 150 na kupita, yaani noti 10 kwa sekunde, mkono wa kulia hauna ugonjwa, achana nao.

Cha pili, weka piki mezani. Piga ule mstari unaokusumbua kwa mkono wa kushoto peke yake, kwa kugonga na kuvuta tu. Ikiwa vidole vyenyewe vyajikwaa, usiisingizie piki. Cha tatu, mikono yote miwili lakini juu ya uzi mmoja. Cha nne, mstari wenyewe, pamoja na kuvuka nyuzi. Kile kinachoanguka ndicho kitakachokuambia usome wapi hapa chini.

Na ujirekodi. Simu nyingi siku hizi zina video ya mwendo wa taratibu, picha 240 kwa sekunde. Mtu anayepiga noti 10 kwa sekunde, video ya kawaida ya picha 30 humpa picha 3 kwa kila noti, ukungu mtupu. Ile ya 240 humpa 24, na hapo huona piki inapoingia na inapotokea. Isimamishe simu itazame kwa urefu wa nyuzi, kutoka upande wa shingo kuelekea daraja, na ufanye hivyo mchana barazani, maana video ya aina hiyo hula mwanga sana. Ukiifanya usiku kwa taa ya chumbani utapata kivuli tu.

"Uzi mmoja nakimbia, nikivuka nakwama"

Hili ndilo lalamiko kubwa, na nitakaa hapa.

Piki ikimaliza pigo ina mahali pawili pa kuishia. Huishia hewani, juu ya nyuzi, au huishia kichochoroni, kati ya uzi ilioupiga na jirani yake. Ikiwa hewani, iko huru kwenda uzi wowote. Ikiwa kichochoroni, ni sawa na mtu aliyeingia ujia wa Mji wa Kale akataka kuhamia ujia wa pili: kuna nyumba nzima katikati. Akiwa na wakati, atazunguka. Na mkono hivyo hivyo. Kwenye 80 utainua piki juu ya uzi, utaishusha upande wa pili, hakuna atakayejua. Kwenye 140 wakati huo haupo, na piki inagonga ukuta.

Mbona basi wengine hawagongi? Kwa sababu mkono wa mtu hausogei sambamba na uso wa gitaa. Una mteremko. Kuna watu ambao shuka yao huingia kichochoroni na panda yao hutoka hewani. Hawa niwaite kundi la kwanza. Watazame: kiganja kimefunguka kidogo, uzito umeegemea ukingo wa upande wa kidole cha mwisho, na piki imeinamia sakafu. Katika wapiga gitaa mashuhuri, Yngwie Malmsteen yuko hapa, Eric Johnson yuko hapa. Kundi la pili ni kinyume: shuka ndiyo itokayo hewani, panda ndiyo izamayo. Kiganja chao kimelala, mizizi yote miwili ya kiganja, wa dole gumba na wa kidole cha mwisho, imegusa daraja. Al Di Meola ni wa huku. Hakuna kundi bora. Ila kuna mistari inayoingia kwenye mkono wako na isiyoingia, na ndiyo maana mstari ambao mwenzako anaupiga huku akizungumza, wewe unakutoa jasho.

Kwa njia, sisi tuliokulia karibu na taarabu za kina marehemu Zein l'Abdin, mpiga udi, tumeuona mkono wa kundi la kwanza tangu utotoni, tukadhani ni mambo ya udi tu. Kaa karibu na mpiga udi umtazame: risha (piki ya udi) ndefu, kifundo cha mkono kimepinda, shuka inaangukia na kutua kwenye jozi ya nyuzi inayofuata, panda inatoka ikiwa huru. Wapiga gitaa wanaotafuta siri ya kasi kwenye intaneti usiku kucha wangeenda tu kukaa mstari wa mbele harusini.

Sasa hesabu. Mtu wa kundi la kwanza yuko huru baada ya panda. Akianza na shuka, akapiga noti 2 kwenye uzi, anamalizia na panda: huru. Noti 4, huru. Noti 6, huru. Noti 3? Shuka, panda, shuka: amezama. Kijana wangu wa Tudor alikuwa akipiga skeli (noti zinazopanda ngazi kwa ngazi) ya noti tatu kwa kila uzi, ile ambayo kila mtu anaanza nayo, na mkono wake ni wa kundi la kwanza. Kwenye video tuliona kitu kilichomfanya ashike kichwa. Kutoka uzi wa sita kwenda wa tano, piki ilinasa. Kutoka wa tano kwenda wa nne, ikapita kama siagi. Wa nne kwenda wa tatu, ikanasa. Wa tatu kwenda wa pili, ikapita. Ni kwa sababu uzi unaofuata ule ulioishia na shuka huanza na panda: panda, shuka, panda, halafu huru. Yaani karibu nusu ya mavuko yake yalikuwa mazima tangu siku ya kwanza. Miezi minane alikuwa akiwapa adhabu wote kwa kosa la nusu yao.

Dawa ziko tatu, na mimi nina ninayoipenda.

Ya kwanza ni kuchagua idadi. Kundi la kwanza lipige noti shufwa kwa kila uzi na lianze na shuka. Mfano mfupi wa kuzungusha: uzi wa tatu freti (vile vichuma vya shingoni) ya 5 na ya 7, uzi wa pili freti ya 5 na ya 8, kisha urudi uzi wa tatu uanze tena. Shuka panda, shuka panda. Kila vuko huja baada ya panda. Kama wewe ni kundi la kwanza na mfano huu hauendi kwa kasi, basi bado hujaupata mteremko wenyewe, rudi kwenye video. Kundi la pili lipige noti zile zile lianze na panda: panda shuka, panda shuka.

Ya pili, ninayoipenda, ni kuudanganya mstari kidogo ili idadi ilingane. Kwenda upande wa nyuzi nyembamba, mtu wa kundi la kwanza aliyemaliza na shuka amezama, lakini amezama akiwa ameegemea uzi ule ule anaoutaka. Basi asitoke. Aendelee na shuka moja ndefu, imalize uzi alioko na ianze unaofuata. Shuka panda shuka, shuka panda shuka, ile ya mwisho na ya mwanzo zikiwa mwendo mmoja usiokatika. Kurudi upande wa nyuzi nene hilo haliwezekani, kwa hiyo noti ya tatu isipigwe na piki kabisa: shuka, panda, vuta. Piki imemaliza na panda, iko hewani, wakati kidole cha kushoto kinatoa noti ya mwisho. Malmsteen hufanya hivi hivi, kwenda anafagia kwa shuka ndefu na kurudi anavuta, na sijasikia mtu akilalamika kuwa zile noti zilizovutwa zimepungua utamu. Kundi la pili geuza hesabu: kurudi nyuzi nene ndiko kwa panda ndefu, kwenda nyuzi nyembamba ndiko kwa panda, shuka, gonga.

Ya tatu ni kubadilisha mteremko katikati ya mstari, kwa kuzungusha kigasha kidogo tu noti moja kabla ya kuvuka, ili pigo lililokuwa likizama litoke. Wapo wanaoifanya bila kufikiri. Kuifundisha ni kazi, na simpi mtu ambaye dawa mbili za kwanza hajazimaliza.

Neno juu ya taratibu na haraka, maana hapa ndipo ninapogombana na watu. Kuanza polepole halafu kuongeza ni ushauri mzuri kwa mkono wa kushoto, ambao unahitaji kukariri mahali. Kwa piki unaweza kukudanganya. Polepole kila mwendo unafanya kazi, pamoja na ule usioweza kamwe kwenda kasi, kwa hiyo unaweza kukaa mwaka mzima ukipiga msasa mwendo mbovu. Mimi hugeuza: vipande vya sekunde mbili au tatu kwa kasi kubwa, hata vikiwa vichafu, mpaka mkono ugundue mwendo unaoteleza. Ukishaupata, ndipo unapunguza kasi huku ukiubeba mwendo ule ule, na unausafisha huko chini. Kijana alinitazama kama nimemwambia ale futari saa nane mchana.

"Kigasha chawaka moto baada ya sekunde kumi"

Misuli ya juu ya kigasha inakaza mpaka yauma, na mkono unakuwa kama gogo. Watu huamini ni udhaifu, wananunua vile vijispringi vya kukamua. Mara nyingi ni kurukaruka: mkono unainua piki baada ya kila pigo, shuka na panda zote mbili zinatoka hewani, na ili ziweze hivyo kifundo lazima kinyanyuke na kuanguka mara mbili kwa kila mzunguko. Kwenye video njia ya piki huonekana kama mpira unaodunda badala ya msumeno unaokata. Mara nyingi mwenye kurukaruka hana tatizo la kuvuka nyuzi polepole, huvuka popote. Ndiyo maana hugundua amechelewa.

Thibitisha kwa kipimo cha kwanza. Kama uzi mmoja unaenda 160 bila moto na mstari unakuwasha kwenye 100, huruki ukiwa uzi mmoja, unaruka kwa hofu ya uzi wa pili. Dawa iko sehemu iliyopita. Kama hata uzi mmoja unawasha, tafuta mwendo mwingine kabisa kabla ya kushika gitaa. Bisha hodi mezani kwa haraka. Kung'uta maji mkononi baada ya kunawa. Geuza ufunguo hewani mbele nyuma, mbele nyuma. Mmoja kati ya hiyo utaona unaenda kasi wenyewe bila kukaza chochote. Huo ndio uubebe mpaka kwenye nyuzi zilizozimwa kwa mkono wa kushoto. Na usitishwe na wanaokataza kiwiko. Kuna wapigaji wanaoendesha piki kwa kiwiko na wanasikika safi. Kinachokatazwa ni maumivu.

Angalia pia unavyoishika piki. Shika kama unavyoshika ufunguo unapofungua mlango wako mwenyewe, si kama wa mlango uliokwama.

"Kasi ipo, lakini sauti ni mchanga"

Kila pigo lipo, kila kidole kipo, lakini noti zinasagika. Mikono miwili imefika mahali pamoja kwa saa tofauti. Piki ikitangulia kidole, unasikia mtu kama anakohoa kabla ya noti. Kidole kikitangulia, noti inatoka mara mbili.

Laza mkono wa kushoto juu ya nyuzi uzizime, upige mstari mzima kwa piki tu. Ukisikia tikitiki iliyo sawa, piki haina lawama. Ukisikia tiki-tiki-tik, unakimbilia mahali fulani, na mara nyingi ni pale pa kuvuka. Halafu urudie kushoto peke yake kama kwenye vipimo.

Kukutanisha mikono sitegemei noti moja moja, ni nyingi mno kuzichunga. Chunga ya kwanza ya kila fungu, ipige kwa nguvu kidogo, nyingine ziache ziifuate. Fungu la noti nne ni rahisi, ya kwanza huangukia shuka daima. Fungu la tatu ndilo lenye hila, kwa kuwa mkazo huangukia shuka, kisha panda, kisha shuka, na panda ya watu wengi ni dhaifu, mdundo unachechemea. Hapa tumebahatika. Mdundo wa chakacha ni 6/8, sote tumeusikia harusini kabla ya kujua gitaa ni nini. Weka ngoma ya chakacha badala ya metronomu, piga noti sita kwa fungu, mkazo kwenye ya kwanza tu, na mkazo utarudi kwenye shuka kila mara. Ikishakaa, ongeza mkazo mdogo kwenye ya nne, ambao ni panda. Kiuno cha mtu kinaijua hesabu hii kuliko metronomu yoyote.

Kama ya kwanza ya fungu haipatikani, angalia vidole vya kushoto vinavyoruka juu ya nyuzi. Kidole kilichoinuka sentimita tatu kina safari ya kurudi.

"Piki yateleza, yazunguka, yaruka"

Mwaka mmoja wa kaskazi nilikuwa nikipiga kwenye hoteli moja ya pwani ya kaskazini, kando ya bwawa la kuogelea, shati limelowa kabla ya wimbo wa tatu. Katikati ya solo piki iliniponyoka, ikaenda zake ikatumbukia majini. Niliimaliza solo kwa ukucha. Mtalii mmoja alinipigia makofi, akidhani ndivyo ilivyopangwa.

Ilikuwa piki laini inayong'aa, ya milimita 0.60. Makosa mawili kwenye kipande kimoja. Kung'aa na jasho la Mombasa havipatani. Tafuta yenye maandishi ya kukwaruza au nailoni yenye vinundu, au chukua unayoipenda uikwaruze pale pa kushika kwa ncha ya kisu, misalaba misalaba. Wengine huitoboa tundu katikati, nyama ya kidole ikaingia humo, na inafanya kazi. Unene nao una neno. Piki nyembamba hupinda ikigusa uzi na kurudi imechelewa, kwa hiyo kwa mbio anzia 0.88 kwenda juu. Jazz III ya Dunlop, ile ndogo ambayo wapiga mbio wengi huipenda, ni milimita 1.38. Udogo wake una faida yake: hauachi sehemu kubwa nje. Ncha inayochomoza kupita kidole iwe milimita tatu hadi tano. Zaidi ya hapo unalima.

Ikiwa haitelezi ila inazunguka vidoleni, ukingo wake unapambana na uzi. Usiupige uzi kwa ubapa. Igeuze kidogo ili ukingo utangulie, ipite kama jahazi linavyokata wimbi kwa pembe. Ukizidisha pembe utasikia kwaru-kwaru kwenye nyuzi nene zilizoviringishwa, punguza. Na kama kwaru-kwaru ipo hata kwa pembe ndogo, tazama ncha, huenda imelika upande mmoja. Isugue kwenye jinzi kuukuu mpaka ilainike.

Kitambaa kikavu kikae juu ya ampu. Kipande cha lesso kuukuu hufyonza jasho kuliko taulo jipya.

Kelele zisizo zako

Ukipiga bila distosheni (ule mkwaruzo wa sauti wa ampu) mstari ni safi, ukiiwasha ni fujo: basi piki haihusiki, nyuzi zisizopigwa zinaimba. Nyuzi nene zilizo juu ya unaopiga zizimwe na ukingo wa kiganja cha kulia, ukihama nao kadiri unavyovuka. Nyembamba zilizo chini zizimwe na ubapa wa kidole cha shahada cha kushoto. Kisha punguza distosheni mpaka nusu ya unayodhani unahitaji. Vijana huiongeza ili ifiche makosa, nayo hufichua ya jirani.

Mvumo wa chini usiokoma hata hujagusa kitu ni wa umeme, wetu ni wa hezi 50. Ukigusa nyuzi ukapungua, ni tabia ya gitaa nyingi, weka mkono juu ya nyuzi wakati hupigi. Lakini ukigusa nyuzi huku mdomo ukigusa maikrofoni ukahisi unang'atwa, zima kila kitu kutoka ukutani, mwite fundi umeme aangalie waya wa ardhi. Hilo si la kuzoea.

"Siku nyingine nacheza vizuri, siku nyingine mikono yachelewa"

Uliza kwanza ulikuwa ukisikiliza kwa nini. Spika ya Bluetooth huchelewesha sauti, mara nyingi zaidi ya milisekunde 100. Kwenye noti 10 kwa sekunde, hiyo ni noti nzima. Hakuna mkono utakaotulia hapo. Tumia waya. Kama unapitishia gitaa kwenye programu ya kompyuta au simu, tafuta kwenye mipangilio yake pa kupunguza ucheleweshaji, vinginevyo zoea kumsikiliza mwalimu mmoja tu: ampu yenye waya.

Nyuzi zenyewe

Chumvi ya hewa yetu haina huruma. Pitisha kidole chini ya uzi wa kwanza. Ukihisi chembechembe ni kutu, na piki hunasa kwenye kutu hata kwa mkono mzuri. Futa nyuzi kila ukimaliza, chini yake pia, na gitaa lilale kwenye begi lenye vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Nyuzi za unene wa 009 hadi 042 (kwa elfu za inchi) ni laini zaidi kwa mbio, za 010 hadi 046 hukaza na hazitikisiki mno. Nimewaona wenye kasi kwa zote mbili. Nyuzi zikikaa juu sana ya freti, zaidi ya milimita mbili kwenye freti ya 12, mpelekee fundi azishushe kwanza kabla hujajilaumu.

Maumivu

Moto wa misuli unaokwisha ukipumzika dakika mbili ni uchovu. Ganzi, vidole kuchonyota, au maumivu ya kifundo yanayokuamsha usiku si uchovu. Acha gitaa, nenda hospitali. Usikubali mtu akuambie uendelee.

Yule kijana alinitumia video wiki mbili baadaye, akiwa juu ya paa, nguo zimeanikwa nyuma yake. Skeli ile ile, 150, shuka ndefu kwenda, kuvuta kurudi. Mwishoni mwa video alijaribu kitu kingine, noti moja moja kwa kila uzi, mbele na nyuma, akanasa akacheka. Chini yake aliandika: "Ami, hii nayo?" Nikamjibu ahesabu piki inatokea wapi, na aje Ijumaa baada ya swala, gitaa likiwa na nyuzi mpya, maana zile nilizisikia kutu mpaka kwenye simu.